Unga Kwenye Jiwe la Wenyewe

Jiwe la Ilongola lilikula ndoo tatu za unga kabla halijashiba. Mawe mengi hushiba kwa ndoo moja. Nilikuwa nimepiga magoti juu yake tangu ukungu haujainuka, nikinyunyiza kwa chekeche, nikiilaani baridi ya nyanda za juu na ofisi iliyonituma huko.

"Kamwene, mwanangu," sauti ikatoka chini yangu. "Hilo jiwe unalisongea ugali?"

Alikuwa Bibi Yudita Tweve, mwenye shamba la viazi lililopakana na jiwe. Alisimama katikati ya matuta, blanketi begani, jembe mkononi, akinitazama kwa huruma ambayo watu huwapa wendawazimu wasio na madhara.

"Kamwene, bibi. Huu si unga wa kula."

"Naona. Wa kula usingeumwaga hivyo, mama yako angekuchapa."

Sisi wanakili tunauita unga kwa sababu jina lake la kitaalamu halitamkiki kabla ya chai. Kila punje ni mashine. Ukiumwaga juu ya jiwe unatambaa, unaingia kila ufa, unapima kila mkwaruzo na kusoma umri wake, maana jiwe lililovunjwa juzi linang'aa kwa namna moja na lililovunjwa miaka elfu tatu iliyopita linang'aa kwa namna nyingine. Ukimaliza, unaupigia filimbi unarudi ndooni. Kutokana na kumbukumbu yake, mtambo ulioko mjini huchonga jiwe jingine, chembe kwa chembe, na hilo ndilo pacha. Uyaweke mawili hayo mbele yangu, mimi mwenye kibali cha miaka kumi na minne, sitakuambia lipi ni lipi.

Na pacha ana sheria yake. Ni ndefu, lakini watu wanaijua kwa mstari mmoja tu: chenye pacha hakipotei. Kitu cha kale kikikaa njiani mwa mgodi au barabara, mnakili anakipiga pacha, anatia saini, kisha kile cha awali kinavunjwa kwa amani, kwa kuwa hakikupotea. Chini ya Ilongola kulikuwa na madini ya betri. Injinia Nkinda wa mgodi alikwisha kuchomeka bendera nyekundu kuzunguka kilima kizima. Alikuwa mpole, mwenye adabu, anayevua kofia akiwasalimu wazee, na kwa hiyo nilichelewa kumchukia.

Jiwe lenyewe lilikuwa pana kama uwanja wa kanisa, limelala kwenye mteremko. Juu yake kulikuwa na vishimo vya mviringo vilivyochongwa kwa kugongagonga, vingine vidogo vya kuingia kidole gumba, vingine ngumi nzima. Vilishuka kwa mistari iliyopinda kufuata kilima, mia nne na kumi na mbili. Nimenakili michoro ya twiga, ya ng'ombe, ya watu wenye vichwa vya ajabu. Vishimo huwa havinisisimui. Nilitaka kumaliza nirudi nyumbani, hiyo ndiyo kweli, na katika simulizi hii nimeamua kusema kweli, hata kama nimechelewa.

"Bibi," nikauliza, kwa kuwa fomu ilikuwa inauliza, "vishimo hivi vimechongwa na nani?"

Akaniangalia kama niliyeuliza chakula kinaliwa kwa kutumia nini. "Na wenyewe."

"Wenyewe kina nani?"

"Wenyewe tu, mwanangu. Ni vya wenyewe."

"Wako wapi?"

Akanyoosha kidevu upande wa kijiji, au wa makaburi, au wa mawingu. Sikugeuka kuangalia. "Wapo," akasema, akarudi kwenye matuta yake.

"Wapo" nimelisikia kila mahali. Mababu wapo, mizimu ipo, kila mtu yupo. Kwenye fomu, palipoandikwa *Waliochonga*, nikaandika: Wenyewe. Palipoandikwa *Wazao*, nikaandika: Hawajulikani. Fomu, ambayo inajiona ina akili kuliko mimi, ikayaunganisha majibu yangu na kunirudishia sentensi iliyonyooka: *Jamii ya kale ya Wenyewe. Imetoweka.*

Nikaisoma. Ilinipendeza. Nikaikubali.

*

Kazi ya unga ikiisha inafuata kazi ya mtu, nasi tunaiita kuchekecha. Unga hauna busara. Unaleta kila kitu: kwato za kondoo, majina ya wapenzi, mkwaruzo wa jembe, mtoto wa shule aliyechora gari. Mnakili anakaa na orodha hiyo na kutoa uchafu, mpaka kibaki kile cha kale peke yake.

Nilichekechea kwenye chumba cha nyumba ya wageni pale senta, mchana, miguu ndani ya blanketi na kikombe cha chai kando. Vishimo vilikuwa vya kale kweli, kile cha kwanza kabisa miaka elfu tatu na mia mbili. Lakini unga ulikuwa umetia alama nyekundu kwenye vishimo sitini na kimoja. *Vumbi bichi*, uliandika. Ndani ya vishimo hivyo vya kale kulikuwa na alama mpya za kugongwa: za miaka tisa, za miaka minne, za mwaka jana, na za mwisho za miezi mitatu.

Kanuni iko wazi. Ukikuta vumbi bichi unarudi kwenye jiwe, unauliza wakazi, unapata mashahidi watatu. Kitu ambacho watu bado wanakitumia hakiitwi cha kale, kinaitwa kitu hai, na kitu hai hakipigwi pacha bila ridhaa yao. Huwezi kukivunja. Ukichekecha vumbi bichi bila kuuliza, huko ni kughushi kumbukumbu: unanyang'anywa kibali na kwenda jela miaka mitano.

Nilijua yote hayo. Lakini fomu ilikwisha kusema Wenyewe wametoweka, mvua ilikuwa inanyesha, na alama za ovyo ndani ya vishimo vya kale nimeziona mara mia. Watoto hucheza bao humo. Nikaburuta alama nyekundu sitini na moja, kwa vidole viwili, nikaziweka kwenye uchafu. Chai haikuwa imepoa.

Kumbukumbu ikaenda mjini, safi. Saini yangu ikiwa chini.

*

Sheria inamtaka mnakili abaki hadi jiwe livunjwe, kuthibitisha kuwa lililovunjwa ndilo lililonakiliwa. Kwa hiyo nilikaa Ilongola wiki mbili nisiwe na kazi, na Bibi Yudita, ambaye hakuwa na mtu wa kumtania, akawa ananiita kula viazi.

Siku ya tisa nilikuwa jikoni kwake, tunamenya, moshi unatuchoma macho, mtu akapiga hodi. Akaingia mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, ana ndoo kichwani.

"Karibu, Mwenyewe," akasema Bibi Yudita. "Viazi viko tayari."

Kisu kikasimama mkononi mwangu.

Yule mwanamke akachukua viazi vyake, akanisalimia kwa adabu, akatoka. Nikamuuliza bibi amemwitaje.

"Mwenyewe."

"Ndilo jina lake?"

"Mwanangu, wewe una mtoto?"

"Ninaye. Binti. Ipyana."

"Basi kwenu unaitwa Mama Ipyana. Huyu alikuwa Mama nani hii. Mtoto akaondoka, homa, alikuwa na miaka minne. Sasa tumwite nani? Tumwite kila asubuhi kwa jina la aliyelala chini ya udongo? Anateka maji, unamtonesha. Anapalilia, unamtonesha. Hapa hatufanyi hivyo. Mama akifiwa anakuwa Mwenyewe. Ni mwenyewe wa lile jambo, basi, hatulitaji. Mimi mwenyewe ni Mwenyewe, ila umri umenifanya bibi, imekuwa nafuu."

Nikaweka kisu chini. "Na kile kilimani... Uliposema vishimo ni vya wenyewe..."

"Ni vyetu," akasema, akishangaa uzito wa kichwa changu. "Mwili unazikwa, ila mtoto mama anamlaza kwenye kishimo cha bibi zake. Viazi vikitoa maua anakwenda, anagonga mara moja, anashuka. Hasemi neno. Jiwe ndilo linasema, mdomo unapumzika. Kila mwaka, mpaka naye aende. Mwaka huu tulikwenda kabla hujaja." Akatupa kiazi kwenye maji. "Mimi nilidhani umeelewa. Nilikuambia wapo."

Aliniambia. Nami nilikuwa nimeandika kwamba jamii yake imetoweka, na yeye yuko pale ananimenyea viazi. Niliona aibu. Nikamweleza kwamba jiwe litalipuliwa Jumamosi.

Hakupiga kelele. Alikwisha kuambiwa na Injinia Nkinda kwamba jiwe litahamishwa. Neno ni hilo: *litahamishwa*. Alikuwa akisubiri kuona watalibebaje.

*

Mtandao unapatikana kwenye kichuguu nyuma ya kanisa. Nilimpigia Bwana Komba, mkuu wangu katika Ofisi ya Pacha, uso wake ukatokea umenuna kama kawaida.

"Jiwe ni hai," nikamwambia. "Wanawake wa hapa wanaligonga kila mwaka. Tulisimamishe."

"Tumpe," akaniita kwa jina langu, "saini yako iko hapa mbele yangu. Kale, imetoweka."

"Nilikosea neno. Wenyewe si kabila. Ni wanawake waliofiwa."

"Maneno yanakosewa, unga haukosei. Kama wanagonga kila mwaka, unga ungeleta vumbi bichi. Ulileta?"

Hapo ndipo kweli ilipokuwa. Unga hausahau hata mnakili akichekecha. Anachekecha nakala tu. Ule wa asili ulikuwa kwenye ndoo tatu ndani ya gari langu, na alama zake zote sitini na moja, na ungekaa nazo siku arobaini mpaka nitakapouosha kwa maji ya chumvi. Ningesema *ulilileta, nikalitupa*, na jiwe zima lingepona siku hiyohiyo. Mimi ningekwenda jela, na Ipyana angetazamwa shuleni kama mtoto wa mghushi.

"Haukuleta," nikasema.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini nilishangaa jinsi ilivyo laini kuikanyaga.

"Basi imebaki njia moja," akasema Komba. "Ushahidi wa mwenye kitu. Apande kwenye jiwe mbele ya kamera na mtu wa mgodi. Ataje jina lake kamili, ataje jina la anayemgongea, agonge kama anavyogonga siku zote. Kabla ya Ijumaa jioni."

"Mmoja anatosha?"

"Sheria inasema *mwenye kitu*. Haisemi wangapi."

Nikashuka kichuguuni nikiwa na nafuu. Nalikumbuka vizuri jambo hilo, ile nafuu. Kulikuwa na njia ambayo isingenigharimu kitu.

*

Bibi Yudita aliwaita wanawake, wakaja wengi kuliko jiko lake lingeweza kubeba, tukakaa nje kwenye majani. Wengine wazee, wengine wadogo kuliko mimi. Niliwaeleza. Walisikiliza mpaka mwisho, na nilipofika kwenye kutaja jina la mtoto, wote wakatazama chini kwa pamoja.

"Hilo haliwezekani," akasema Bibi Yudita.

"Ni neno moja tu, bibi. Mara moja."

"Unalijua neno hilo? Pale juu tunakwenda kimya kwa sababu pale wamelala. Ukimwita mtoto kwa jina lake, amelala, atafanya nini?"

Akajijibu mwenyewe. "Ataamka. Mtoto akiitwa na mama yake anakuja. Akija, utampa nini? Mwili huna. Nguo zake uligawa. Utamwambia nini, rudi? Utamwambia tena lala?"

Mwanamke mmoja akaanza kulia bila sauti. Mwingine akanyanyuka kwenda zake. Mimi niliyesoma nilijua kwamba hiyo ni imani, na imani ina heshima yake, na kadhalika. Lakini hata hivyo nilimfikiria Ipyana na nikaelewa kwa mwili mzima.

"Na tusipotaja?" akauliza yule mwembamba, Mwenyewe wa ndoo.

"Jumamosi jiwe linavunjwa."

"Nao wamo ndani."

"Ndiyo."

"Wote."

"Wote."

Akakaa akikwangua matope kwenye kisigino. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Mimi wangu ni wa juzijuzi. Hajazoea kulala. Nitasema mimi."

Bibi Yudita akamshika mkono. Kisha akanigeukia, na utani wote ulikuwa umemtoka usoni. "Mnakili. Wewe unazijua sheria zenu. Nakuuliza mbele ya hawa. Hakuna njia nyingine?"

Ndoo tatu zilikuwa kwenye gari, hatua hamsini kutoka tulipokaa. Kifuniko cha mojawapo kilionekana dirishani.

"Hakuna," nikasema.

*

Ijumaa jua lilitoka, jambo la nadra. Injinia Nkinda alikuja na kamera, akavua kofia ya chuma bila kuambiwa, akasimama mbali kwa heshima. Wanawake wengine hawakupanda. Walibaki chini kwenye viazi, wamelipa jiwe migongo.

Yule mwanamke alijifunga khanga mbili. Alikuwa na jiwe la kugongea, la mviringo, limelainishwa na mikono ya watu wengi waliomtangulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kishimo chake bila kutafuta, akapiga magoti. Kwenye orodha yangu kilikuwa namba mia mbili na saba. Vumbi bichi lake lilikuwa la pigo moja tu, la miezi mitatu.

"Taja jina lako kamili," nikasema. Mdomo ulikuwa mzito.

"Naitwa Elizea Sanga."

"Unamgongea nani?"

Akaligeuza jiwe la kugongea mkononi. Injinia Nkinda akatazama viatu vyake. Nilidhani atashindwa, na Mungu anisamehe, sehemu yangu moja iliomba ashindwe.

"Asifiwe," akasema. Alilisema taratibu, kama anayemwamsha mtu asimshtue. "Asifiwe, mwanangu."

Akagonga mara moja. Sauti ilikuwa ndogo na kavu.

Kisha akafanya jambo ambalo kamera yangu inalo na ambalo sijawahi kulitazama tena. Aligeuka, akatazama njia inayopanda kutoka kijijini. Alitazama muda mrefu, uso wake umefunguka kabisa, akisubiri. Injinia Nkinda naye akageuka kutazama. Na mimi pia.

*

Uamuzi ulikuja kabla jua halijazama.

*Ushahidi umekubaliwa. Kishimo namba 207 ni kitu hai na kitalindwa pamoja na mita moja kila upande. Vishimo 411 vilivyosalia havikupata shahidi, na kumbukumbu safi iliyotiwa saini na mnakili inathibitisha kuwa ni vya kale. Shauri limefungwa.*

Nilikimbilia kichuguuni. Nilimpigia Komba nikihema.

"Hukuniambia ni kishimo kwa kishimo!"

"Hata mimi sikujua wanasheria watasoma hivyo. Tumpe, angalau umepata kimoja."

"Lakini viko sitini na kimoja!"

Uso wa Komba haukuwa umenuna tena. Ulikuwa umeamka.

"Idadi hiyo umeitoa wapi?"

Upepo ulikuwa unavuma. Kanisani walikuwa wanafanya mazoezi ya kwaya.

"Nimehesabu wanawake," nikasema.

"Umehesabu wanawake," akarudia. Si mtu mbaya, Komba. Alikuwa mnakili kabla yangu, anajua kuchekecha ni nini na mvua ya nyanda za juu ni nini. "Tumpe. Unga wako bado una siku ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Kama kuna jambo ndani ya ndoo, leo ndiyo siku ya kusema. Kesho haitakuwa na maana. Nitakaa hapa kwenye simu. Nitasubiri."

Alisubiri kweli. Nilimwona akisubiri. Kwaya ilimaliza ubeti mmoja ikaanza mwingine. Nilimfikiria Elizea Sanga akitazama ile njia. Nilimfikiria Bibi Yudita. Nilimfikiria Ipyana, sare yake ya shule, jinsi anavyonikimbilia nikirudi safari. Niliogopa. Sina neno la kitaalamu la kuweka hapo. Niliogopa tu, nikanyamaza, na Komba akainamisha kichwa, akakata simu.

*

Jumamosi walikuja na msumeno wa maji kwanza. Walikata mraba kuzunguka namba 207, mita moja kila upande, kazi safi sana, wakauinua kwa kreni na kuuweka kando kwenye saruji, na uzio, na paa dogo la bati. Injinia Nkinda alisimamia mwenyewe wasiupasue. Kisha wakatoboa jiwe lililobaki, wakajaza baruti, wakatuondoa wote mpaka ng'ambo ya bonde.

Wanawake walikuja kutazama. Walisimama mstari mmoja, wamejitanda blanketi, kimya. Kilima kiliinuka kidogo, kikakaa. Vumbi lilipotufikia hawakujifunika nyuso. Bibi Yudita aliokota kijiwe kilichoruka hadi miguuni pake, akakigeuza, akakitupa. Nilithibitisha kuwa lililovunjwa ndilo lililonakiliwa. Nikatia saini ya pili.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Si kweli. Mimi nilichimba, wakaingia wenyewe.

Siku ya arobaini niliuosha unga kwa maji ya chumvi, kama kanuni inavyotaka.

*

Nilirudi Ilongola mwezi wa sita, ofisi ilipotaka kibao kiwekwe kwenye uzio. Pacha alikuwa tayari mjini, kwenye ukumbi wenye taa nzuri, vishimo vyote mia nne na kumi na mbili, na wanafunzi wanaingiza vidole humo na kupigwa picha. Maelezo ukutani yanasema Wenyewe walikuwa jamii ya kale iliyotoweka. Niliomba yarekebishwe. Ombi liko kwenye foleni.

Kilima hakipo. Lipo shimo, na malori yasiyo na dereva yanashuka na kupanda. Shamba la Bibi Yudita limekuwa njia. Yeye mwenyewe nilimkuta kwa kaka yake, amekaa kibarazani. Aliitikia salamu yangu. Hakunitania, na hakuniita mwanangu.

Elizea Sanga nilimkuta kwenye uzio, anafagia saruji. Wanawake wawili walipita na mizigo ya kuni. "Kamwene, Mama Asifiwe," wakasema, na yeye akaitikia, "Kamwene." Hawakusema kwa ubaya. Alimwita mwanawe, na mtoto akiitwa anakuja, kwa hiyo yeye si Mwenyewe tena. Ni mama wa mtu. Kijiji kizima kinamwita hivyo, asubuhi na jioni, kisimani na shambani.

Aliponiona alifurahi. Hilo ndilo sikulitegemea. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kupigania kishimo chake, akasema wengine hawakuwa na bahati ya kupata mnakili mwenye moyo. Alikuwa ameniwekea viazi kwenye kikapu.

"Alikuja?" nikamuuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Anakuja," akasema, akiendelea kufagia. "Kila asubuhi nikifungua mlango yupo. Simwoni, ila yupo, najua anavyopumua. Namleta hapa acheze. Kula hali. Kulala ndiyo kabisa, amekataa." Akasimamisha ufagio. "Tatizo ni moja. Anawatafuta wenzake. Anasema walikuwa wengi, wamelala pamoja, sasa kaamka peke yake. Ananiuliza wamekwenda wapi. Wewe umesoma, dada, na umelijua lile jiwe kuliko sisi wote. Nimjibu nini?"

Nikamwambia sijui.